Kwa Vinyozi wa Marwa na Mina

Msafiri atokaye Jeddah kuelekea Makka hupita eneo la Shumaysi. Kwa macho yaliyochoshwa na safari ya ndege ni kituo cha ukaguzi tu, pana askari, foleni ya magari na jua kali. Wengi wetu ndani ya basi tulikuwa tumesinzia tukiwa katika Ihram zetu, na Talbiya iliyoanza kwa sauti kubwa pale uwanja wa ndege ilikuwa imepungua mpaka ikawa mnong'ono. Sheikh aliyetuongoza alitaka tuamke, kwa kuwa Shumaysi ni jina jipya la mahali pa kale. Hapa ndipo Hudaybiya.

Watu wengi wakitajiwa Hudaybiya hukumbuka mkataba. Sheikh wetu siku ile alitusimulia habari ya wembe. Mwaka wa 6 Hijria Mtume (s.a.w.) na Masahaba wake wapatao 1,400 walizuiliwa hapa wasiingie Makka kufanya Umra. Mkataba ulipokwisha kuandikwa, aliwaamuru wachinje wanyama wao na wanyoe, wala hakuinuka hata mmoja, kwa uzito wa huzuni waliyokuwa nayo. Mama yetu Ummu Salama (r.a.) ndiye aliyetoa shauri: atoke nje, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Alipofanya hivyo, nao walipomwona, waliinuka wote, wakachinja, wakawa wananyoana wao kwa wao.

Na ni huko huko Hudaybiya Mtume (s.a.w.) alipomwona Ka'b bin Ujra (r.a.) chawa wakimdondokea usoni kutoka kichwani. Ikateremka ruhusa iliyomo katika Aya ya 196 ya Surat al-Baqara, kwamba mgonjwa au mwenye udhia kichwani anyoe kabla ya wakati na atoe fidia, ama kwa kufunga siku tatu, ama kulisha masikini sita, ama kuchinja. Kwa hiyo katika mahali pamoja, na katika safari moja, nywele za aliyehirimia zimetazamwa kwa namna mbili: ni ibada, na ni sehemu ya mwili unaoweza kuumwa. Tuliyoyaona baadaye Makka na Mina yametushawishi kuyaandika haya kwa ajili ya familia ambazo mwaka huu zinamfungia mizigo baba, babu au kaka.

Sai huishia Marwa. Aliyekwisha kwenda mara saba baina ya vilima viwili ametembea kilomita tatu hivi juu ya marumaru, miguu inamwaka, na anachokitamani ni kuketi. Hapo, kabla hajamaliza dua yake, humtokea kijana mwenye mkasi mdogo uliofichwa kiganjani. Askari wakigeuka, kijana hukata vinywele vitatu utosini, hunyoosha mkono apewe riyali, kisha hupotea katika umati. Sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafi, na twajua kwamba katika madhehebu yetu nywele tatu zatosha kumtoa mtu katika Ihram. Mahanafi wanataka robo ya kichwa, na Wamaliki na Mahanbali wanataka kichwa chote kishughulikiwe. Lakini kutosha ni jambo moja na fadhila ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) aliwaombea dua walionyoa mara tatu, ndipo akawaombea waliopunguza mara moja. Aliyefanya Tamattu na Hija imekaribia ana udhuru mzuri, maana kwake ni bora apunguze sasa ili abakize nywele za kunyoa siku ya Idd. Ama mzee aliyeweka akiba miaka kumi apate nauli, kisha akatoka Marwa na vinywele vitatu kwa sababu ana haraka ya chakula cha mchana, hatumhukumu, ila twasikitika.

Akina mama hawahusiki na wembe. Mwanamke hukusanya nywele zake na kukata ncha kadiri ya ncha ya kidole, nao hufanyiana wenyewe chumbani, si barabarani mbele ya wanaume.

Ukitoka nje ya Msikiti Mtukufu, chini ya lile jengo refu la saa na katika mitaa ya Misfala ambako mahujaji wengi hufikia, vinyozi wamejaa. Viti vimepangwa safu, vioo ukuta mzima, na sakafuni nywele za watu wa dunia nzima zimechanganyika: za Mturuki zilizonyooka, za mzee wa Kijava nyeupe kama pamba, na zetu za kipilipili. Wafagiaji huzisukuma kwa ufagio zikawa kichuguu, nacho hakiishi. Vinyozi wengi ni watu wa Pakistan, India na Bangladesh. Kiarabu chao ni kidogo kama chetu, hivyo bei hupatanwa kwa vidole, na msimu wa Hija vidole huongezeka.

Swali la kwanza la kinyozi ni moja: mashine au wembe? Hili si swali la mtindo. Mashine ya umeme, hata ikiwekwa namba sifuri, huacha mzizi wa unywele juu ya ngozi, na wapo wanazuoni, miongoni mwao Sheikh Ibn Uthaymin, waliosema kwamba kazi yake ni kupunguza, si kunyoa. Anayetaka kuingia katika dua ile ya mara tatu hutaka wembe. Vinyozi wa Bara Hindi huuita ustra, na Waarabu huuita musi.

Wembe wenyewe wafaa utazamwe vizuri. Ule wa zamani, ambao wazee wetu waliuona kwa kinyozi wa chini ya mwembe, ni chuma kimoja kizima chenye mpini wa kukunja. Kinyozi huunoa juu ya jiwe, huupitisha katika mkanda wa ngozi mpaka ulainike, na huweza kunyolea watu maisha yake yote. Wembe wa Makka una umbo lile lile, lakini chuma chake hubadilishwa. Ni kishikio, na ndani yake huingizwa nusu ya wembe wa kawaida uliovunjwa katikati. Kwa sababu hiyo mteja anaweza kudai wembe mpya kwa kila kichwa. Na kwa sababu hiyo hiyo anaweza kudanganywa, maana kipande kikishakaa ndani ya kishikio, kipya na cha mteja wa asubuhi hufanana.

Sheikh alitufundisha maneno matatu ya Kiarabu, nasi tuliyakariri njia nzima kama watoto wa chuo. La kwanza ni "musi jadidi", yaani wembe mpya. Husemwa kabla ya kuketi, na husemwa huku ukitazama mikono ya kinyozi, ili karatasi ya wembe ifunguliwe mbele ya macho yako. La pili ni "bila sabuni ya manukato". Mahujaji wengi hawalijui hili. Aliyemaliza Sai ya Umra bado yumo katika Ihram mpaka nywele ziondoke, na aliyetupa mawe siku ya Idd hali hajanyoa wala hajatufu, kwa madhehebu yetu, bado hajahalalishiwa manukato. Povu jeupe ambalo kinyozi humpaka kila mtu bila kuuliza hunukia hadi mlangoni. Maji matupu ya vuguvugu yatosha, au sabuni isiyo na harufu uliyokuja nayo. La tatu tutalitaja mbele, linahusu ndevu.

Kinyozi wa Makka ana kasi. Hukishika kichwa kwa mkono mmoja kama mtu ashikaye dafu, na kabla hujamaliza kusema Allahu Akbar nusu imekwisha. Sunna ni kuanza upande wa kulia wa anayenyolewa, na ukimwonyesha kwa kidole ataelewa. Tulikuwa na mzee mmoja mwenye upara uliokamilika, asiyebakiwa na unywele hata mmoja. Yeye aliketi kitini kwa heshima zote na kumwambia kinyozi apitishe. Kinyozi alidhani ni mzaha, akacheka, akatutazama sisi. Wanazuoni wengi wamependekeza kwamba asiye na nywele apitishiwe wembe vivyo hivyo, kwa kujifananisha na wanaonyoa, na mzee alilijua hilo kuliko sisi sote. Alipitishiwa, akalipa sawa na wenye nywele, na hakukubali kupunguziwa.

Hayo ndiyo mazuri. Ndani ya hoteli tuliyofikia tulikuta jambo jingine. Katika ghorofa yetu kulikuwa na msafara mwingine wa watu wa pwani, na usiku mmoja tulipopita mlangoni kwao tuliona wanaume tisa wamepanga foleni kuelekea bafuni. Wembe ulikuwa mmoja. Kila aliyenyolewa alipoinuka, wembe ulichovywa katika beseni, ukatikiswa, na mwingine akaketi. Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi.

Kisheria hawakukosea kunyoana. Aliyekwisha kutimiza amali zake zote na akabakiwa na kunyoa tu aweza kumnyoa mwenzake aliye katika hali hiyo hiyo, na Masahaba pale Hudaybiya walinyoana. Kilichotutia hofu ni ile beseni. Sheikh alibisha hodi, akasalimu, akamwendea mkubwa wao aliyekuwa akingoja zamu yake.

"Shikamoo mzee wangu. Tuna nyembe mpya za kutosha. Kila mmoja apate wa kwake."

"Marahaba, mwanangu. Allah akulipe. Lakini hapa ni Makka. Katika mji wa Mungu pana maradhi gani?"

Sheikh hakumpinga mbele ya vijana wake. Alichuchumaa karibu naye, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye wanyama wagonjwa asiwapeleke penye wanyama wazima, na kwamba chawa wa Ka'b walikuwa wakitembea juu ya kichwa cha mtu aliyehirimia, katika safari aliyokuwamo Mtume mwenyewe, wala hawakuondoka kwa utukufu wa safari. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha alinyoosha mkono, akapokea pakiti, akawagawia waliobaki. Watano walikuwa wamekwisha kunyolewa.

Hofu yetu haikuwa ya kubuni. Wembe ukikwangua ngozi hutoa damu hata pale ambapo macho hayaoni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, katika tone lililokauka na lisiloonekana. Homa ya ini aina ya C nayo hupita kwa damu kwa damu. Virusi vya Ukimwi havidumu sana nje ya mwili, lakini wembe unaotoka kichwa hadi kichwa bila kupumzika hauvipi nafasi ya kufa. Kuupangusa kwa spiriti mara moja, au kuupitisha katika moto wa kiberiti kama wafanyavyo wengine, hakutoshi. Wala jiwe la shabu halitoshi. Shabu hukaza ngozi na kuzuia damu, na ni dawa nzuri ya mkwaruzo ikiwa ni yako peke yako. Lakini jiwe moja linalosuguliwa juu ya majeraha ya watu hamsini ni wembe wa pili.

Jambo hili pia haliishii kwa hujaji. Homa ya ini B hupita kutoka kwa mume kwenda kwa mke, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na mwenye nayo aweza kukaa miaka bila dalili yoyote huku ini lake likiharibika. Mtu hurudi na maji ya Zamzam, tende na misala, watoto wanampokea kwa Qasida, na ndani ya damu yake amebeba kitu ambacho hakukinunua. Chanjo ipo. Kwa watu wazima hutolewa kwa dozi tatu katika muda wa miezi sita, hivyo anayengoja kupewa viza ndipo aanze kufikiri huwa amechelewa. Ndugu walionyolewa kwa wembe mmoja, popote pale, wasione haya kwenda kupima. Kipimo ni cha damu kidogo tu.

Mina ndiko wembe ulikozaliwa upya kama ibada ya Hija. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitupa mawe Jamra, akarudi mahali pake Mina, akachinja, kisha akamwita kinyozi na kumwonyesha upande wa kulia, halafu wa kushoto, na nywele zake tukufu akampa Abu Talha (r.a.) azigawe kwa watu. Siku hiyo ya tarehe 10 Dhul-Hijja bonde zima, kutoka mahema hadi daraja la Jamarat, hugeuka kuwa kinyozi kimoja. Watu walioingia barabarani wakiwa na nywele hutoka upande wa pili vichwa viking'aa, na tulipotezana na wenzetu wawili kwa sababu tu hatukuwatambua.

Mamlaka za Saudia huweka huko vinyozi wenye leseni na wembe wa kutumika mara moja, na kila mwaka wizara yao ya afya huwaonya mahujaji dhidi ya vinyozi wa barabarani. Onyo hilo lina sababu. Pembezoni mwa njia tuliwaona wamekaa juu ya maboksi yaliyofunuliwa, mbele yao chupa ya maji na wembe uliochomekwa katika kipande cha sabuni, na foleni yao ilikuwa ndefu kuliko ya wenye leseni kwa kuwa wao ni rahisi na wako karibu. Mtu aliyelala Muzdalifa juu ya changarawe na akatembea tangu alfajiri haoni kitu kingine isipokuwa pa kumalizia. Tunamwelewa. Ndiyo maana ni bora awe na wembe wake mfukoni, kwa sababu hata kinyozi wa boksi akipewa wembe mpya wa mteja atautumia, na kazi yake ikawa salama.

Jua la Mina nalo lina haki yake. Ngozi ya kichwa iliyofunikwa na nywele miaka yote huwa laini kama ya mtoto, na wembe huondoa pamoja na nywele tabaka jembamba la juu linaloilinda. Jasho la chumvi huichoma, na mwanga huiunguza kwa muda mfupi. Aliyenyoa siku ya Idd baada ya kutupa mawe amekwisha kutoka katika Ihram kutoka kwa kwanza, hivyo aweza kuvaa kofia yake. Avae. Mwenye kisukari na atumiaye dawa za kulainisha damu waongee na daktari kabla ya safari, na kwao mashine ni rukhsa njema, kwa kuwa kupunguza pia kumetajwa katika Qur'ani, Surat al-Fat-h Aya ya 27, pamoja na kunyoa.

Sasa tuje kwenye jambo linalowasumbua watu wetu zaidi ya wengine. Unywele wa kipilipili hutoka katika kishimo kilichopinda. Wembe mkali unapoukata karibu sana na ngozi huuacha na ncha iliyochongoka kama mkuki, na unapokua hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, milimita moja au mbili kutoka pale ulipotokea. Mwili huuona kama mwiba, ndipo huvimba. Njia nyingine ni pale kinyozi anapoivuta ngozi ikakaza: unywele hukatwa chini ya uso wa ngozi, hurudi ndani, na hutoboa ukuta wa kishimo chake kabla haujatoka nje. Hivi ndivyo vipele vya kidevuni na shingoni tunavyoviona kwa vijana wengi, vikiacha madoa meusi. Kisogoni vipele hivyo vyaweza kugeuka makovu magumu yaliyovimba ambayo nywele haziyapendezi tena kuota.

Wenye historia hiyo wafanye mambo machache kwa kinyozi wa Mina. Waloweshe kichwa kwa maji ya vuguvugu dakika kadhaa kabla. Wamwombe afuate uelekeo wa nywele, asirudie kwa kupandisha, na asiivute ngozi ya kisogo. Mpito mmoja watosha kwa ibada, na ule wa pili, unaotafuta kung'arisha, ndio unaoleta madhara. Vipele vikitokea, wasivichokonoe kwa sindano wala kucha, na wasivinyoe tena.

Hapa ndipo lile neno la tatu la Sheikh: "al-lihya, la", yaani ndevu, hapana. Kinyozi akimaliza kichwa, mkono wake huteremka wenyewe mashavuni. Hana nia mbaya, ni mazoea ya kazi. Katika dakika hiyo hujaji aliyesinzia kitini huamka hana ndevu, na hili tulilishuhudia kwa ndugu mmoja wa msafara jirani, aliyekaa akijipapasa kidevu kama mtu aliyepoteza pochi. Amri ya Mtume (s.a.w.) ya kupunguza masharubu na kuziachia ndevu inajulikana. Wanazuoni wengi wameharamisha kuzinyoa, na wapo miongoni mwa wakubwa wa Mashafi waliosema ni makuruhu. Kuzipunguza wakati wa kutoka katika Ihram ni jambo jingine: Ibn Umar (r.a.), alipohiji au kufanya Umra, alikuwa akizishika ndevu zake kwa kiganja na kukata kilichozidi, na Imam Shafi alipenda mtu achukue kidogo katika ndevu na masharubu yake ili aweke kitu katika nywele zake kwa ajili ya Allah. Kazi hiyo ni ya mkasi. Mnong'oneze kinyozi mapema, kabla wembe haujashuka sikioni.

Hatusemi kwamba ndevu ziliamrishwa kwa sababu ya vipele. Anayezifuga kwa kumtii Mtume (s.a.w.) ana ujira wake, hata kama ngozi yake ingekuwa ya chuma. Lakini ni kweli pia kwamba dawa ya kwanza ya madaktari wa ngozi kwa maradhi haya ni kuacha kunyoa. Baada ya wiki kadhaa nywele zilizoingia ndani hurefuka, hujifyatua zenyewe na uvimbe hutulia. Madaktari wa jeshi la Marekani, ambamo kidevu safi ni amri, kwa miaka mingi wamekuwa wakiwaandikia askari weusi vyeti vya kutonyoa kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wetu anayekwenda kwa kinyozi kila Ijumaa akitafuta uso laini, na kila Jumatatu akajipaka dawa za madukani zenye kuchubua ngozi, angeokoa fedha na uso wake.

Na wapo vijana wa upande wa pili, ambao ndevu zao ni chache na wameambiwa wazinyoe mara kwa mara kwa wembe ili ziote nyingi. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mildred Trotter, alilipima jambo hili mwaka wa 1928 na hakuona kwamba kunyoa kunazidisha unene wala kasi ya kuota. Wembe hukata juu, na mzizi ulio chini hauna habari. Unywele uliokatwa una ncha butu badala ya ncha iliyochongeka ya asili, ndiyo maana huonekana mnene ukichomoza. Ndevu ni riziki kama riziki nyingine, na mwenye tatu aziache tatu zake.

Tuliporudi nyumbani, nywele zilikuwa zimechomoza kiasi cha nusu sentimita, kwa kuwa nywele za kichwa hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Waumini wawili wa msikitini kwetu wameomba mafunzo ya safari mwaka huu yaongezwe somo la kinyozi, na kamati imekubali. Daktari mmoja amejitolea kuja kuzungumzia chanjo miezi minane kabla ya safari, na akina mama watahudhuria pia, kwa kuwa wao ndio wafungaji wa mizigo. Katika karatasi ya mahitaji, baada ya kandambili na kabla ya mwavuli, pameandikwa: wembe mpya, pakiti moja, iwekwe katika begi kubwa na si la mkononi, maana uwanja wa ndege watauchukua, kipande cha sabuni isiyo na harufu, mkasi mdogo kwa akina mama, shabu, kila mtu yake.